Nzula na Shimo Lisilo na Mwenyewe

Ulimpita. Usitikise kichwa, ulimpita. Saa kumi na moja jioni, pale Westlands watu wanapomiminika kutoka maofisini kwenda stendi, mwanamke wa makamo amesimama kando ya njia na daftari la jalada gumu. Kalamu ameifunga kwa uzi wa kushonea viatu ili isiibiwe. Anakuambia, "Bosi, dakika moja tu." Wewe unainua simu na kuanza kuongea na mtu ambaye hajakupigia. Simu yenyewe umeishika juu chini.

"Wa simu za uongo ni wengi," anasema Nzula Muasya, akicheka hadi mabega yanatikisika. "Kuna mmoja aliniambia hajui kuandika. Na amevaa tai! Nikamwambia pole baba, weka kidole gumba."

Nzula haombi sadaka wala hauzi bahati nasibu. Anatafuta sahihi ya umma, na umma, kama hukuwa umeambiwa, ni wewe. Asipoipata, mwisho wa mwezi huu yeye na wenzake thelathini wataondolewa, kwa kukosa kibali, kwenye machimbo ya mawe ambayo yamewalisha kwa miaka ishirini na sita.

Machimbo hayo yako bondeni, chini ya mitaa ya Kitisuru yenye miti mirefu na mageti marefu zaidi. Ni ekari moja na nusu ya ardhi ya umma. Mwaka 1997 mkandarasi wa barabara alikuja, akalipua mwamba, akachukua alichotaka, akaenda zake. Shimo akatuachia. Hakuna aliyemwuliza kibali wakati huo, na wanaojifanya wamesahau wakumbushwe.

Nzula aliingia shimoni mwaka 1999, akitokea Mwingi na nyundo ya kuazima. Leo ana miaka hamsini na minne. Kila siku isipokuwa Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, anakalia gunia, analiweka jiwe ndani ya pete ya mpira uliokatwa kutoka tairi kuukuu ili vipande visirukie macho, kisha anapiga. Mawe yanageuka kokoto. Siku nzuri anatoa toroli tatu, shilingi mia moja na hamsini kila moja. Siku mbaya anatoa moja na kidole kimoja cheusi.

"Hii kazi haina siri," anasema. "Jiwe ni kubwa, wewe unapiga. Ukichoka, jiwe bado ni kubwa."

Wachimbaji wadogo hawakatai kibali. Andika hilo mahali, kwa sababu utaambiwa vingine. Mwaka 2004 mkubwa mmoja wa serikali alishuka bondeni na kofia ngumu ya manjano, akasema vibali vitatoka kwa siku tisini. Mwaka 2011 akaja mwingine, siku tisini. Mwaka 2018 wa tatu akapanda miti miwili, akapigwa picha, akasema siku tisini. Miti ilikauka kabla ya siku hizo kwisha. Nchi hii husahau haraka, ndiyo maana hudanganywa kwa maneno yale yale, na pengine kwa kofia ile ile.

Mwaka jana wenzake walimchagua Nzula akafuatilie fomu mjini. Sababu ya kumchagua inaelezwa na Naliaka, mvunja mawe anayekaa gunia la pili kutoka lake. "Mama Stellah hana haya," anasema Naliaka, akimwita Nzula kwa jina la mwanawe. "Sisi wengine tukiambiwa rudi kesho, tunarudi nyumbani. Yeye anauliza, kesho saa ngapi?"

Fomu ina kurasa kumi na moja. Nzula alizijaza zote kwa jioni nne. Akaombwa sampuli ya madini, naye akabeba jiwe la kilo saba kwa sababu hakutaka kuonekana mchoyo. Walinzi wa mlangoni walimzuia wakidhani anakuja kuvunja vioo.

Kilichomwangusha ni kisanduku kimoja kwenye ukurasa wa tisa: sahihi na muhuri wa mwenye ardhi.

Ofisi ya madini ilimwambia hilo ni la ofisi ya ardhi. Ya ardhi ikamwambia ni la kaunti. Kaunti ikasema shimo lilichimbwa na watu wa barabara, aende huko. Watu wa barabara wakasema wao walichimba tu, bonde ni la mto, aende mazingira. Mazingira wakamsikiliza kwa heshima, wakampa kiti, wakamwambia mambo ya mawe yako ofisi ya madini.

Tafakari kidogo. Katika jiji ambalo ndugu hupelekana mahakamani kwa futi mbili za ua, Nzula amegundua ekari moja na nusu ambayo kila ofisi inaapa si yake.

Katika ofisi mojawapo alikaa siku kumi na tatu akimsubiri afisa ambaye koti lake lilikuwa kwenye kiti. Koti lipo, mwenye koti hayupo. "Nililizoea lile koti," anasema Nzula. "Nikiingia nalisalimia. Lilikuwa limetoka kifungo kimoja, siku ya kumi nikaja na sindano nikakishona. Nilisema, huyu akirudi atanionea huruma."

Je, alirudi?

"Alirudi likizo ilipokwisha. Akauliza nani amegusa koti yake."

Ndipo akaangukia dirisha namba nne la ofisi ya madini, kwa karani tutakayemwita Kimanzi kwa sababu bado anauhitaji mshahara wake. Nzula alifurahi kuona mtu wa kwao. "Nikamsalimia kwa Kikamba, vizuri kabisa, kama mtoto wa dada yangu. Akanijibu kwa Kiingereza. Hapo nikajua fomu imeanguka."

Siku moja Kimanzi alinyanyuka kufuata chai na andazi, akaacha faili wazi kwenye kaunta. Ilikuwa ya kampuni moja inayoliomba shimo lile lile. Fomu ile ile, kurasa zile zile. Kwenye kisanduku cha sahihi ya mwenye ardhi paliandikwa neno moja: Haihusiki. Juu yake muhuri wa kukubaliwa, bado una unyevu. Kutoka tarehe ya kupokewa hadi ya muhuri zilikuwa siku tisa.

Nzula wakati huo alikuwa na siku mia mbili na kumi.

Akachukua kalamu, akaandika Haihusiki kwenye fomu yake. Kimanzi aliporudi na andazi mdomoni, mazungumzo yao, kama Nzula anavyoyaigiza mbele ya shimo zima kila chakula cha mchana, yalikuwa hivi, karani akimwita mathe, yaani mama.

"Mathe, huwezi andika hivyo."

"Si hata hawa wameandika?"

"Hao ni kampuni."

"Na mimi ni nini?"

"Wewe ni mtu."

"Kwa hivyo shida yangu ni kuwa mtu?"

Kimanzi akafuta makombo, akashusha sauti. "Mathe, sikiza. Hiyo ardhi ni ya umma. Mwenye ardhi ni umma. Leta sahihi ya umma nitapokea."

Alikuwa anamfukuza kwa adabu, kama makarani wanavyofanya. Mtu mwingine angeelewa na kwenda zake. Nzula aliuliza kama umma unatia sahihi kwa kalamu nyeusi au ya buluu.

Alinunua daftari siku hiyo hiyo. Anayevunja mawe hashangazwi na hesabu kubwa. Lori la tani saba hujaa kokoto moja moja. Tangu hapo, nyundo ikilala saa nane, ananawa uso, anavaa viatu vya kanisani na kupanda kwenda Westlands au Parklands. Hukusanya sahihi kama sitini kwa jioni.

Ryan, wakala wa kutuma pesa mwenye kibanda karibu na anaposimama, alimpigia hesabu kwa simu. "Wakenya ni kama milioni hamsini. Kwa sitini kila siku, mathe, utamaliza baada ya miaka elfu mbili, mia mbili themanini na tatu."

"Nikipumzika Jumapili?"

"Elfu mbili mia sita hivi."

Nzula alifikiri. "Basi Jumapili nitakuja baada ya ibada."

Ryan alicheka hadi mteja akaondoka. Kisha akatia sahihi, yake na, bila kuulizwa, ya mama yake. Nzula aliifuta ya mama. "Huyo aje mwenyewe. Sitaki umma wa uongo, huo ofisi iko nao tayari."

Watu humwuliza kama analipwa na chama gani. Mzee mmoja wa Parklands alisoma kurasa zote kumi na moja za fomu akiwa amesimama, akasahihisha makosa matatu ya serikali kwa kalamu nyekundu, ndipo akatia sahihi. Mama mmoja wa Kitisuru, aliyekuwa akikimbia na mbwa, alisimama kwa sababu alidhani ni ombi la kufunga machimbo.

"Kelele za hizo nyundo zinaniamsha," akasema.

"Dada, nyumba yako ni ile ya geti la kijani?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Njia yako ya gari, zile kokoto nilizipiga mimi. Toroli mia moja na kumi. Ukitaka ninyamaze, nirudishie, nizipange ziwe mawe tena."

Mbwa akakaa chini. Mama akaomba kalamu, na keshoye akarudi na maji ya chupa na wifi yake.

Wiki sita na nusu baadaye, sahihi zilifika elfu mbili, mia tatu na kumi na sita. Nzula akazipeleka dirisha namba nne. Kimanzi alifungua daftari, akafunga, akafungua tena.

"Huu ni umma gani?"

"Wa Westlands na Parklands. Wa Kitisuru umeanza kuja."

"Sheria inataka umma wote, mathe."

"Sawa. Na wewe ni umma?"

Nyuma ya Nzula, kwenye foleni, mtu mmoja akasema, "Jibu mama, bana." Kimanzi akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu anayevuka barabara ya Waiyaki. Kisha akavuta daftari chini ya kaunta, na Nzula akasikia kalamu ikikwaruza.

Alipolirudisha, ndani yake alikuwa amechomeka kipande cha gazeti, ukurasa wa thelathini na moja, tangazo dogo kati ya tanzia na zabuni ya kununua viti. Akasema kwa Kikamba, kwa mara ya kwanza: usome hiyo.

Tangazo linasema kuna kanuni mpya zinazopendekezwa kwa uchimbaji kwenye ardhi ya umma. Ofisi moja badala ya tano. Fomu ya kurasa mbili kwa mchimbaji mdogo. Kisanduku cha mwenye ardhi kifutwe. Ofisi ikinyamaza siku thelathini, kibali kihesabiwe kimetolewa. Na wenye maombi yaliyokwama, akiwemo Nzula, wasiguswe hadi wajibiwe. Wananchi watoe maoni Ijumaa hii, Parklands.

Kikao kama hicho kilifanyika mwaka juzi. Walifika watu kumi na wawili: tisa wa makampuni, wawili waliofuata chai, na mlinzi aliyehesabiwa ili idadi ipendeze. Kumbukumbu zikaandika kwamba umma umeshirikishwa na hauna pingamizi.

Nzula anajua atakachokifanya na kibali. Kikundi kitakopa mashine ndogo ya kusaga mawe, kila mtu apate miwani ya kuzuia vipande, na mabati manne kwa ajili ya mvua. Lakini alipoulizwa anachokitamani hasa, hakutaja mashine.

"Nataka askari akija nimwambie karibu chai," alisema. "Sasa hivi akija tunakimbia. Hizi magoti zangu haziwezi tena kukimbia serikali."

Naliaka akadakia, "Hata serikali imechoka kukukimbiza."

Basi wewe unayesoma, sikiliza. Ijumaa, saa tatu asubuhi, ukumbi wa jamii wa Parklands. Usiseme utafuatilia mtandaoni. Omba ruhusa kazini, au usiombe. Viti ni mia mbili, na kampuni imeshatuma watu wapange makoti kwenye safu tatu za mbele. Fika saa mbili. Ondoa koti, ukae. Wakikuuliza wewe ni nani, waambie wewe ndiye mwenye ardhi.