Kanga ya Mama Darasani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipotea ndani ya jengo, na nilipoifikia semina, wanafunzi walikuwa wameshaanza kuvaa makoti. Niliwaambia wakae. Mwili wangu mdogo, lakini sauti haijui hilo. Wakakaa.

Kozi yetu pale chuo kikuu, hapa Birmingham, iliitwa masomo ya tamaduni mtambuka, mkazo ukiwa Asia ya Mashariki. Maana yake si kusoma Uchina au Japani peke yake. Unachukua kitu, unakifuata kinavyotoka kwa watu hawa kwenda kwa wale, unauliza kimebadilika nini njiani. Kitu changu kilikuwa kanga ya mama yangu. Zamani kanga nyingi za pwani yetu zilichapwa Japani: wenye maduka wa kwetu walipeleka michoro, na viwanda vya kule vikachapa pindo la pembeni, mji wa katikati na jina, yaani yale maandishi, kwa lugha wasiyoijua. Kanga huuzwa doti, vipande viwili. Kimoja mama alibaki nacho Unguja, kimoja nilikuja nacho.

Sikumruhusu mwanafunzi aiandikie insha kabla hajaivaa. Kijana wa Great Barr, mtaa wa hapa hapa mjini, aliifunga kama taulo. Msichana wa mtaa wa Stechford, ambaye mama yake ni mtu wa Tanga, alijitanda bila hata kufikiri, kisha akashangaa mikono yake ilijuaje. Hapo ndipo ubishi ulipoanza, kwamba kitu hiki ni cha nani, na mimi nikakaa pembeni nikifurahi.

Akaja mkuu mpya wa idara, Mhindi wa Kisumu. Tulikuwa tukizungumza Kiswahili ofisini kwake mlango ukifungwa.

"Salma, hii kozi ni ya East Asia. Wewe unaniletea Zanzibar."

"Profesa, Japani yenyewe ndiyo iliyokuja Zanzibar. Mimi nimeikaribisha tu."

Alicheka, kisha akalifuta somo langu kwenye mtaala. Iliniuma, sifichi. Mwaka mzima nikalifundisha saa ya chakula cha mchana, bila kupangiwa. Waliokuja walikuja na vyakula vyao, na mwenye mikono ya chipsi nilimfukuza asiisogelee kanga ya mama. Mwisho wanafunzi wenyewe walikwenda kwa mkuu wa kitivo kudai somo lirudishwe, na likarudi. Profesa alinipa habari hiyo huku akitafuta miwani aliyokuwa ameivaa.

Nilipostaafu, huyo huyo Profesa alitaka kanga iwekwe kwenye fremu ya kioo karibu na ofisi, jina langu chini yake. Alikuwa na nia njema. Nilikataa. Nyuma ya kioo watu wangeipita tu, na somo nililolipigania lingekufa taratibu. Nikampa Haruka, mhadhiri kijana kutoka Osaka aliyeirithi kozi, kwa sharti moja: ivaliwe.

Siku hizi naishi mtaa wa Perry Barr, na magoti hayataki ngazi. Juzi Haruka alinialika darasani, nikapanda hivyo hivyo, nikakaa nyuma. Aliingia amembeba mwanawe mgongoni kwa kanga ya mama, ameifunga kama nilivyomwelekeza. Mtoto alikuwa ametapika maziwa kwenye pindo. Haruka aliponiona akasimama, hofu usoni, maana habari za chipsi alishazisikia.

"Anza somo, mwanangu," nikamwambia.