Maua ya Zambarau Kwenye Matuta ya Mama

Nilitoka Sandoa juu ya magunia ya mahindi, siku tano kwenye lori lililokwama karibu kila mto. Nilishuka Kolwezi na cheti changu cha sekondari, nikakuta mgodi umeacha kuajiri, na hata waliokuwa na kazi hawalipwi. Watu wa mtaa wa Musonoi walikuwa wakiokota mawe ya kijani yenye shaba kwenye malundo yaliyotupwa na mgodi. Nami nikaokota.

Nilipewa chumba na mama mmoja mjane. Wazee wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Yeye alizaliwa hapahapa. Alikuwa na matuta ya lengalenga kwenye dembo, bonde lenye maji nyuma ya nyumba, na mboga hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wake wanne.

Mawe huoshwa kabla ya mnunuzi kuyatazama. Maji ya karibu yalikuwa ya mfereji wake.

"Mama, naweza kuoshea hapa?"

"Osha, tata," akasema, kama wanaume wanavyoitwa hapa. "Maji ni ya Mungu."

Tope likashuka, zito, jeusi lenye ukijani. Lilipoziba mfereji nililichota kwa ndoo, nikalimwaga kwenye matuta yake na kumwambia ni mbolea. Nusu niliamini. Nusu nyingine ilitaka tu mahali pa kulitupa. Jioni ile alinipa sahani kubwa kuliko za wanawe.

Mvua za kwanza zilileta maua madogo ya zambarau. Katanga nzima inalijua ua lile: linapoota, ardhi ina shaba, na wazee walichimba kwa kulifuata. Majani ya lengalenga yalikuwa yameanza kuwa ya njano. Nikawa natangulia kushuka dembo kila asubuhi, nang'oa maua kabla mama hajafika na kapu lake.

Siku moja alinikuta.

"Unamuchumia nani maua? Uko na muchumba, unatuficha?"

"Ni majani tu, mama."

Nilicheka, nikayafumbata nyuma ya mgongo.

Kisha vijana wakaanza kupita mitaani wakiimba, "Bilulu, murudie kwenu!" Wadudu, yaani watu wenye asili ya Kasai. Nyumba ya jirani ilichomwa. Mama akafunga mizigo. Kwa safari ya treni kwenda Kasai alivuna matuta yote, akaanika lengalenga kwenye mikeka, zikajaa gunia.

Nilikuwa na siku tatu za kumwambia kwamba mboga ile ilimea kwenye sumu ya tope langu. Nilijiambia kwamba nikisema, watoto watakula nini njiani? Ukweli ni kwamba niliona haya. Gunia lile nililibeba mwenyewe, kichwani, hadi stesheni.

"Unichungie bustani, tata," alisema kutoka dirishani. "Nikirudia, nikute inamea."

Sikung'oa tena. Mvua zilipokwisha hapakuwa na lengalenga hata moja. Dembo yote ilikuwa ya zambarau. Hakuna barua iliyokuja, na katika chumba kile sikuweza kulala.

Asubuhi niliyoondoka kabisa, nilikuta wanaume wawili wenye sururu wamesimama kwenye matuta, wakiyatazama maua.

"Grand, hii shamba ni ya nani?" mmoja aliuliza, akiniita kaka.

"Ya mama mumoja. Atarudia."

"Bote basemaka vile," mmoja akasema, wakacheka.

Sururu ikaingia kwenye tuta la kwanza. Ningeweza kuwazuia. Nilichukua mfuko wangu.