Redio Chini ya Blanketi

Mwaka wa sitini na sita, fundi wa redio aliyekuwa jirani wa Nyamoita mjini Kisii alishika kila redio kwa ncha za vidole, kama anayepima homa ya mtoto. "Kazi haiui redio, mama," alimwambia. "Inauawa na kuzimwa. Taa zake za ndani zikipoa, huenda zisiwake tena." Tangu hapo, kila Ijumaa jioni Nyamoita alizima yake kwa ajili ya Sabato, na Jumamosi kutwa akawaza kama itaamka.

Sabato moja waumini walisali nyumbani kwa fundi, Msabato mwenzao. Katikati ya maombi, Nyamoita akasikia gitaa la dansi likilia kwa mbali chini ya blanketi lililofunika meza. Fundi, macho kayafumba, alipandisha sauti ya maombi, na mkono wake ukapapasa pindo la blanketi, ukalichomeka vizuri.