Upande Mweusi wa Mti

Ripoti ya kwanza niliyoandika maishani ilikuwa na kosa, na kosa hilo lilimfungia mtu msitu.

Nilikuwa nimetoka chuo cha misitu juzi tu, binti wa mama muuza viazi wa soko la Gakoromone, Meru, nikapewa kazi upande wa Embu, juu ya Kianjokoma. Kiangazi hicho moto ulikuwa umekula ukingo wa msitu. Kazi yangu ilikuwa kupima kilichoungua na kutafuta moto ulianzia wapi. Watu hawakuwa na shaka. Kulikuwa na mrina asali mmoja, mtu wa rika la baba yangu, na mizinga yake ilitundikwa karibu na palipoungua. Mrina asali si hutembea na moto wa kufukuzia nyuki? Nami nikaandika hivyo hivyo. Chifu akaisoma ripoti barazani, na mzee akapigwa marufuku kuingia msituni.

Baada ya wiki mbili alinijia ofisini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Yeye Mwembu, mimi Mmeru, kwa hivyo tuliongea Kiswahili.

"Madam, wewe uliangalia miti?"

"Nilipima majivu, mzee."

"Sijauliza majivu. Nenda uangalie miti, halafu uniambie moto ulikuwa unaenda wapi."

Niliudhika kufundishwa kazi yangu. Lakini alipoondoka nikakumbuka kwamba chuoni tulifundishwa jambo hilo hilo, nikalinakili, nikafaulu mtihani, nikalisahau.

Upepo ukisukuma moto, ndimi zake hulipita shina la mti, hujikunja nyuma yake na kupanda juu. Kwa hivyo mti huwa mweusi juu sana upande mmoja, na upande wa pili huungua chini tu. Ule upande mweusi hadi juu ndio unaoonyesha moto ulikoelekea.

Kesho yake asubuhi nilipanda msituni na dira na utepe wa kupimia. Nilipima mti mmoja mmoja mpaka vidole vikawa vyeusi kama vya muuza makaa. Miti yote ilisema neno moja. Moto ulikuwa umetoka ng'ambo ya kijito, kwenye tanuri la makaa lililoachwa, ukaja kuelekea mizinga. Nani aliuwasha, sijui hadi leo. Mizinga minne ya mzee ilikuwa imeungua, na hakuna aliyewahi kumpa pole.

Mkubwa wangu hakufurahi. "Ripoti imeshapigwa chapa. Unataka kujiaibisha?"

"Nimeshajiaibisha, mkubwa. Sasa nataka kusahihisha."

Nilimwomba chifu baraza lifanyike msituni. Watu walikuja wakinung'unika, lakini nilipowaeleza, wakagusa mashina na kuyazunguka wenyewe, wakaanza kuonyeshana ng'ambo ya kijito. Mama mmoja aliyekuwa amemtukana mzee sokoni alizunguka miti mitatu, akajifuta mikono kwa leso, akamwendea akamsalimia.

Mimi nilisimama mbele ya wote. "Mzee, niliandika uongo bila kujua. Nisamehe."

"Bila kujua si kitu," akasema. "Ungejua halafu unyamaze, hapo tungekosana."

Marufuku ikaondolewa siku hiyo hiyo. Kisha nikamwomba anisaidie, maana alijua upepo unapogeukia kuliko ramani zangu zote. Alituonyesha mahali pa kufyeka mkanda wa kuzuia moto, na kijiji kizima, hata yule mama, kikaja na mapanga. Sehemu iliyoungua tuliizungushia vigingi ili ng'ombe wasiingie, nami kila mwezi nikawa napima miche iliyokuwa ikiota yenyewe.

Kiangazi kilichofuata moto ulikuja tena, mchana, upepo ukiwa mkali. Tulijipanga kwenye mkanda na matawi mabichi mikononi. Ulifika pale, ukatambaa huku na huku ukitafuta nyasi, ukakosa. Tukasimama tukiutazama ukifa njaa. Nyuma yetu miche ilikuwa imefika magotini.