Maji ya Kunywa Juu ya Mkono wa Nashipai

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Kajiado, niliona mtoto mwenye mkono mweupe hadi kiwikoni nikadhani ametoka kucheza na unga wa chapati. Kweli ulikuwa unga. Chini ya unga palikuwa na dawa ya meno, chini ya dawa ya meno mafuta ya kupikia, na chini ya hayo yote ngozi iliyounguzwa na uji. Nilishika kichwa. Chuoni hakuna aliyeniambia kwamba tiba ya kuungua huanza kwa kumsugua mgonjwa kama sufuria.

Muuguzi mkuu wa zamu, mwanamke mfupi ambaye hata madaktari walimwogopa, alinivuta kando.

"Wewe msichana wa Ukambani, funga mdomo, nzi wataingia. Moto ungali ndani ya nyama. Ukipaka mafuta, unaufunika uendelee kupika. Maji baridi ya kumiminika, dakika ishirini. Barafu hapana. Shanga na pete zitoke kabla mkono haujafura. Malengelenge usipasue. Halafu kitambaa safi, bila kukaza, na hospitali."

Niliyakariri hayo kama sala. Nilidhani nimemaliza kujifunza.

Kisha nikahamishiwa zahanati moja ndogo karibu na Bisil, kando ya barabara ya Namanga. Mkuu wangu alikuwa afisa wa kliniki, yaani yule anayepima wagonjwa na kuandika dawa pale ambapo daktari hayupo, ingawa watu wote walimwita Daktari. Alikuwa mpole, mzito wa kutembea. Nilifika wakati wa kiangazi kikali. Ng'ombe walikuwa ngozi na mifupa, na tangi la zahanati ukiligonga lilijibu kama debe tupu.

Siku moja ya soko la mifugo tukasikia mayowe kutoka hoteli ya ng'ambo ya barabara. Sufuria ya chai ilikuwa imepinduka. Mama mmoja kijana alikuja mbio na binti yake, Nashipai, mtoto ambaye hata shule hajaanza. Mkono wake wa kulia ulikuwa mwekundu kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko, na shanga zilikuwa zimeanza kumbana. Nyuma yao alifuata mama mkwe, ambaye wote walimwita Koko, yaani nyanya kwa Kimaa, mtungi wa maji mgongoni.

Nilifungua bomba. Likatoa hewa tu. Nikauona ule mtungi.

"Lete hapa hiyo maji!"

Koko akaukumbatia. "Hii? Hii ni ya kukunywa. Watoto wengine wako nyumbani na kisima imekauka."

"Koko, mkono unaendelea kuiva!"

"Paka yeye mafuta ya kondoo."

"Mafuta hapana!"

Nilichukua makasi nikazikata shanga. Zilipomwagika sakafuni, Koko alipiga yowe kumshinda mtoto, kwa kuwa alizitunga mwenyewe. Alinitazama kama mwizi, na mimi nikamtazama kama mtu asiye na moyo. Sijui nani kati yetu alishtuka zaidi.

"Sasa ni mkono ama ni maji?" nikafoka.

"Sista," akasema polepole, "mkono ikipona na wale wengine wakufe kiu, umenisaidia nini? Na vidole zikishikana, huyu msichana atakamua na nini? Mimi nataka zote mbili."

Somo langu la Kajiado lilikuwa la watu wenye bomba. Hakuna aliyenifundisha la kufanya mahali ambapo maji ya dakika ishirini ni maji ya boma zima. Ndipo nikakumbuka kwetu, ambako maji ya kuoga hayamwagwi ovyo. Hukingwa kwenye beseni, yakamwagiliwe mpapai.

"Daktari, leta zile beseni mbili safi za kabatini!"

Akaja nazo mbio. Sikujua kwamba mtu yule anaweza kukimbia.

Tulimimina, beseni ikakinga. Maji ya beseni moja yalipokuwa yakipoa kivulini, tulimimina ya nyingine. Nashipai alilia, akabaki na kwikwi, mwisho akanyamaza akitazama maji yakipita. Zaidi ya nusu ya mtungi haikuguswa, na yale tuliyotumia Koko aliyabeba kwa ajili ya mbuzi. Nikafunika mkono kwa kitambaa safi, kila kidole na chake, na mzee mmoja Msomali aliyekuwa sokoni kuuza mbuzi akampakia mama na mtoto kwenye pikapu yake hadi Kajiado. Kabla ya kurudi nyumbani na maji, Koko aliokota shanga zake zote. Hakuniaga.

Nilikaa na hofu wiki nyingi. Kidole kilichoungua hupenda kushikana na jirani yake.

Nilimalizia kazi Kitengela, na huko ndiko ninakoishi baada ya kustaafu. Mnadhani dunia imejifunza? Juzi mtoto wa jirani kwenye ploti yetu alimwagikiwa na chai. Bomba lilikuwa pale pale, maji yamejaa, na mama yake, ambaye huniita Shosho, yaani nyanya, anapekua kabati.

"Shosho, natafuta dawa ya meno! Niliona kwa simu ati inasaidia!"

Nilishtuka kama siku ile ya kwanza, nikasahau hata magoti yangu mabovu. Nilimfikisha mtoto bombani kabla mama hajafunga kabati, na mkono wangu mwingine, kwa mazoea, ukawa unatafuta beseni.

Vijana huniuliza kama kazi hii ilinifaidi. Basi sikilizeni. Asubuhi moja kule Bisil, mvua zikiwa zimerudi, nilimsikia afisa wa kliniki, yule mpole, akipaza sauti: "Nani ameleta mbuzi kwa baraza ya zahanati?"

"Nyamaza, Daktari," Koko akamjibu. "Angalia vidole."

Nashipai alikuwa amechuchumaa nyuma ya mbuzi, makovu yanang'aa, na mkononi shanga zile zile, safari hii zimefungwa kwa kifungo cha shati.

"Hii inafunguka," Koko akaniambia. "Wacha makasi yako."

Nashipai alikuwa anakamua kwa mkono wa kulia. Vidole vyote vilikunjika na kukunjuka, kila kimoja peke yake, na maziwa yakapiga kelele ndani ya kikombe cha bati. Akanipa. Mimi niliyewahubiria akina mama miaka yote wachemshe maziwa, niliyanywa yakiwa bado na joto la mbuzi, yote, nimesimama.