Mwanaume wa Kushinda Nyumbani

Kwetu Rusizi, kazi ina viatu. Ndivyo anavyoamini mama yangu, na mama yangu alikulia mjini Bukavu, ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, kwa hiyo katika mambo ya bureau, yaani ofisi, hadanganywi. Mtu wa kazi anaoga, anavaa viatu, anatoka, na jioni anarudi amenuna. Ukimwona mwanaume mzima yuko nyumbani Jumanne asubuhi na kandambili miguuni, basi ni mgonjwa au amefukuzwa. Mimi afya yangu ilikuwa nzuri kabisa.

Kazi yangu ni kujibu simu. Kampuni iko Kigali, inauza taa za jua, na wateja wengi wa huku na wa Kongo wanasema Kiswahili. Taa ikigoma kuwaka, wananipigia mimi wanitukane. Wakati wa korona tuliambiwa kila mtu afanyie kwake, ikawa mazoea. Kisha mama akateleza kwenye kijia cha Mibirizi akitoka misa, akavunjika mguu, nami nikafunga kompyuta yangu nikarudi kwake. Anaishi peke yake. Mguu umeunga, lakini anatembea na fimbo, ndoo ya maji haiwezi tena, na mteremko wetu hauna huruma na mtu.

Mnadhani alinishukuru? Thubutu! Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa siku ileile.

"Papa," akaniambia, maana kwetu hata mtoto wa kiume huitwa papa, "kama balikufukuza kazi, sema tu. Miye ni mama yako."

"Habakunifukuza, maman. Niko natumika hapa."

"Unatumika hapa wapi? Mu kitanda?"

Kwetu kutumika ni kufanya kazi. Watu wa pwani wanalicheka neno hilo, lakini subiri mteja akutukanie taa ambayo hukuiuza wewe, utajua lina maana zote mbili. Na ni kweli nilikuwa kitandani, ila kosa ni la mtandao. Ukihamia salon, pale sebuleni, simu inakamata mitambo ya Kongo na kukutumia ujumbe wa kukukaribisha ugenini, hali umekalia kiti cha mama yako.

Mama hakutaka kusikia. Aibu ya majirani ilimuuma kuliko mguu. Akaniamuru kila asubuhi nivae viatu, nitoke kwa mlango wa mbele na mkoba begani, nisalimie watu barabarani, halafu nizunguke nyuma kwenye migomba niingilie jikoni. Nilifanya hivyo. Ndiyo, chekeni. Mwanaume mwenye diploma, nikijipenyeza migombani mwetu kama mwizi wa ndizi. Jirani alikuwa akinisalimu nikienda, kisha ananisalimu tena nikipenya.

Hiyo nayo haikutosha, akanipeleka mbele za Mungu. Kila Alhamisi kina mama wa kikundi chake cha sala wanakuja kwetu, na sala za kina mama wale zinasikika mpaka Nyakarenzo. Siku moja nilikuwa chumbani na mteja mmoja mkali wa Bukavu, taa yake imekufa, ananichambua mimi na ukoo wangu. Ghafla salon ikalipuka: "Bwana! Fungulia uyu kijana mulango wa kazi!" Mteja akakatisha matusi. Akasema "Amina" kwa adabu, kisha akaendelea kunitukana pale alipoachia.

Halafu patron, bosi wetu, akatuandikia: mwisho wa mwezi kila mtu awe amerudi bureau, asiyetaka atafute kwingine. Mabishano yakawaka kwenye kundi letu la simu. Mmoja akasema nyumbani watu wanalala. Mwingine akamjibu kwamba hata bureau watu wanalala, ila wamevaa tai. Mimi sikucheka. Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga. Kigali ni mbali, msitu mzima uko katikati. Nani atamtekea mama maji? Akianguka tena kwenye ule mteremko, nani atasikia?

Nikamwambia. "Aksanti Yezu," akajibu, "maombi imefika." Akachukua ungo akaanza kuchagua mawe kwenye maharage aliyokwisha kuyachagua asubuhi. Chakula cha siku hiyo kilikuwa chumvi tupu.

Patron akaitisha kikao cha video ili asikie wenye sababu. Kabla hatujafungua kinywa, akatuhubiria: nidhamu, kuonana uso kwa uso, nyumbani si mahali pa kazi. Nilikuwa nimeshawasha kipaza sauti changu, nasubiri zamu yangu. Mama akaingia na kikombe cha chai, fimbo yake ko, ko, ko, akainama kutazama kioo cha kompyuta. Nyuma ya patron kilining'inia chandarua cha mbu, kimefungwa fundo kubwa, na chini yake kitanda hakijatandikwa.

"Yezu wangu!" mama akasema. "Uyu patron naye balimufukuza?"

Patron akageuka akakitazama chandarua chake. Mtu mmoja akaguna, mwingine akashindwa kujizuia, kikao kizima kikaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

"Hapana, mama," patron akasema polepole. "Bado hawajanifukuza."

"Pole sana, papa," mama akamwambia, na wallahi hakuwa anatania, huruma ilimjaa usoni. "Na weye tutakuombea."

Kikao kikavunjika hapo hapo. Sababu zangu zote nzuri nilizozipanga zikabaki mdomoni. Kesho yake ujumbe ukaja: walio nje ya Kigali waendelee walipo, kwa sasa. Niliruka kitandani kama mtoto. Nikakimbilia jikoni kumweleza mama kwamba sirudi, kwamba ninabaki naye.

"Ah bon, kumbe," akasema, akapuliza moto. Hakunitazama. Nikaona ni jibu la baridi, kwa mtu aliyeokoa kazi yangu kwa sentensi moja, na nikaumia kidogo, sitaficha.

Alhamisi kina mama wakaja. Nilikuwa chumbani, vifaa vya kusikilizia vimening'inia shingoni, hakuna mteja. Wakaimba, wakamwombea patron wa Kigali kwa muda mrefu. Kisha kiongozi wao akauliza, "Na kijana wetu je, maman? Tumuombee tena apate kazi kule Kigali?"

Nikasikia fimbo ya mama ikigonga sakafu, mara moja, halafu tena.

"Muombe," akasema. "Lakini musiombe sana."