Mpanda Majabali wa Karatu na Mbuzi Asiyekuwepo

Miaka ile baada ya vita vya Kagera, filamu ya kamera ilipokuwa adimu kuliko sukari, Karatu ilikuwa na studio moja tu ya picha, nayo ilikuwa ya Piusi Tluway. Kilikuwa chumba kimoja cha tofali za kuchoma kando ya barabara iendayo Ngorongoro, na ukutani palichorwa maporomoko ya maji. Aliyeyachora alikuwa fundi wa vibao vya maduka ambaye hakuwahi kuona maporomoko yoyote maishani mwake, kwa hiyo maji yake yalianzia darini yakaishia kwenye sakafu ya saruji, na katikati alielea bata mweupe mwenye shingo ndefu. Watu waliyapenda mno. Maharusi walitoka Mbulu kuja kusimama mbele ya bata yule.

Tluway hakumpenda bata. Alipenda majabali. Ujanani alikuwa amebeba mizigo ya wapima ramani waliozunguka nyanda za juu za Ngorongoro, na hao ndio waliomfundisha kufunga fundo lisiloachia na kupanda mwamba kwa vidole. Kazi ilipokwisha mmoja wao alimwachia kamera ya Kirusi, nzito kama tofali. Wenzake waliochukua mablanketi na sufuria walimcheka. Yeye alianzisha studio ili kamera imlishe, na kila alipopata siku mbili za nafasi alidandia lori la unga lililopanda kwenda Nainokanoka, akapanda miamba ya mto Munge pale maji ya kweli yanapoporomoka, akapiga picha za mawe, ukungu na tai.

Rafiki yake Lembris, mfugaji wa hukohuko, ndiye aliyemshikia kamba. Ilikuwa kamba ya turubai la lori, na Lembris aliizungusha kwenye shina la mti, akasimama mguu mmoja kama kawaida yake, akiutazama mwamba bila kuupenda.

"Ng'ombe hapandi hapo," alimwambia siku ya kwanza. "Mbuzi hapandi. Hata nyani anafikiri kwanza."

"Nyani hana kamera," alijibu Tluway kutoka juu.

"Ndiyo maana ana afya."

Ndoto ya Tluway ilikuwa moja: picha zake zitoke kwenye gazeti la mwezi lililochapishwa Dar es Salaam, lenye karatasi ya kung'aa na kurasa mbili za picha za nchi. Alituma bahasha ya kwanza, ikarudi. Alituma ya pili, ikarudi na kipande cha karatasi kutoka kwa mhariri: mawe ni mazuri, lakini watu wako wapi? Msomaji anataka kumwona mtu.

Basi akaanza kutafuta mtu. Lembris alikataa kabla hajamaliza kuulizwa. Katekista Valeriani, ambaye alikuwa mwembamba na angefaa, alisema ana watoto. Ikabidi mtu awe yeye mwenyewe. Kamera ilikuwa na kidude cha kujibonyeza baada ya muda mfupi, kwa hiyo aliisimika juu ya vijiti vitatu, akaitega, akakimbilia mwambani na kuparamia kwa nguvu zote. Filamu nzima iliishia hivyo. Alipoisafisha alikuta nyayo zake, nyayo zake tena, makalio yake, na moja ya Lembris akichungulia ndani ya lenzi kuona kama kile kidude kimekufa.

Wakati huohuo, mjini Karatu, majirani walikuwa wameshapata maelezo ya safari zake. Mtu haendi Nainokanoka kila mara kwa ajili ya mawe. Walimwambia mkewe, Cresensia, kwa huruma nyingi, kwamba huko juu kuna mwanamke. Cresensia hakugombana. Safari iliyofuata alivaa koti, akafunga chapati kwenye kitambaa, akapanda lori, akakaa juu ya magunia kando ya mumewe.

"Unakwenda wapi, Mama Raphaeli?" aliuliza Tluway.

"Unakokwenda wewe."

Walipofika, Lembris aliwasalimu, akachukua kamba, akawaongoza hadi chini ya mwamba. Cresensia alitazama kushoto, akatazama kulia. Akazunguka hadi nyuma ya kichaka. Hapakuwa na nyumba wala mtu, ila jiwe refu lenye majimaji na mumewe akivua viatu.

"Ni hili tu?" alimwuliza Lembris.

"Ni hilo tu, mama. Na lingine kule."

Cresensia aliketi. "Mwanamke ningemwelewa," alisema.

Tluway, alipotambua kwamba sasa ana mtu wa tatu, alifurahi kupita kiasi. Alimpa mkewe kamera, akamwonyesha pa kuchungulia na pa kubonyeza, akamwelekeza kwa makini: nikifika kwenye ule ufa, nikageuza uso kutazama mbali kwa utulivu, hapo ndipo ubonyeze. Filamu ilikuwa imebakiza picha moja. Cresensia alisema amesikia.

Tluway akapanda. Alifika kwenye ufa, akageuza uso, akatazama mbali kwa utulivu. Kimya. Akaendelea kutazama mbali. Shingo ikaanza kumwuma.

"Bonyeza," aliita bila kufungua midomo sana, asije akaharibu uso.

Hakuna kitu. Mguu wa kulia ukaanza kutetemeka kama cherehani, halafu ukateleza. Kamba ikakaza, Lembris akaguna, suruali ikachanika kutoka gotini hadi kiunoni, na Tluway akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja, mdomo wazi, macho yamemtoka, akitazama chini. Hapo ndipo aliposikia kamera ikilia *cha*.

Walipomshusha alikusanya suruali yake kwa mkono mmoja. Kisha akauliza kwa upole kwa nini hakubonyeza mapema.

"Ulikuwa hufanyi kitu," alisema Cresensia. "Nilingoja ufanye kitu."

Siku mbili baadaye, chumbani kwake kwa giza, Tluway aliiona picha ile ikijitokeza polepole kwenye karatasi, na moyo wake ukaenda pande mbili. Mwamba ulikuwa mkubwa na mweusi, maji yalikuwa meupe, na yule mtu mdogo katikati alikuwa na hofu iliyoonekana hata ukiisogeza picha mbali kabisa. Haikuwahi kutoka picha nzuri kama ile kwenye kamera yake. Alikaa nayo. Akatamani kuiweka chini ya godoro. Mwishowe aliigeuza, akaandika nyuma yake jina la mkewe, kwa sababu hakuwa mwongo, akaituma.

Safari hii haikurudi. Ilikuja telegramu: awepo posta Jumatano asubuhi, atapigiwa simu. Aliwahi pale akiwa amevaa tai. Waliokuja kununua stempu hawakuondoka, wakajipanga ukutani kusikiliza, na simu ilipolia karani alimkabidhi chombo kama anayemkabidhi mtoto mchanga.

Laini ilikwaruza kama mahindi kwenye kikaango. Mbali sana, ndani ya kelele hizo, ilisikika sauti ya mhariri.

"Picha tumeipenda. Huyu jamaa anayening'inia anatafuta nini huko juu?"

Tluway hakutaka kusema kwamba jamaa ni yeye. "Anatafuta mwanga mzuri."

"Anatafuta nini?"

"Mzuri. Mwanga mzuri."

"Mbuzi?"

"Mzuri, mzuri," alipaza sauti Tluway, na watu wa stempu wakaitikia kwa vichwa kumsaidia.

"Aa, mbuzi. Pole yake. Amempata?"

Katika makelele yale Tluway alisikia *umepata*. "Bado," alisema kwa unyenyekevu. "Lakini nitapanda tena."

"Vizuri sana, tutaandika hivyo," ilisema sauti, ikazama.

Gazeti lilifika na basi la Arusha mvua za vuli zilipoanza, na Katekista Valeriani ndiye aliyelipata kwanza. Jumapili, watu walipotoka kanisani, alisimama kwenye ngazi akalisoma kwa sauti ileile anayosomea matangazo ya ndoa. Picha ilijaza ukurasa mzima. Chini yake paliandikwa: *Mfugaji wa Ngorongoro akimtafuta mbuzi wake aliyepotea majabalini. Hadi tunakwenda mitamboni mbuzi alikuwa hajapatikana, lakini mwenyewe ameahidi kupanda tena. Picha na Cresensia Tluway.*

Wanawake walimpongeza Cresensia. Tluway alipewa pole.

Siku za mwanzo alieleza. Alisimama na kila mtu mnadani akafafanua kwamba hapakuwa na mbuzi, kwamba yeye si mfugaji, kwamba alipanda pale kwa hiari yake ili apate picha. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakaanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Aligundua kwamba maelezo yalikuwa yanamharibia. Mtu aliyepanda jabali akimfuata mbuzi wake ni mtu mwenye akili timamu. Mtu aliyelipanda akifuata mwanga, mke wake aombewe. Baada ya hapo akiulizwa, "Mbuzi alipatikana?" alijibu "Bado," akaenda zake.

Lembris peke yake ndiye aliyekasirika kweli.

"Mfugaji ni mimi," alisema. "Wewe huna hata kuku. Sasa Nainokanoka nzima wanasema Lembris amepoteza mbuzi, akamtuma Mmbulu mwenye kamera amtafute. Mbuzi wangu hawapotei."

Halafu akaja mzee Qamara. Huyu alikuwa baba yake Cresensia, mkulima wa Endabash, na tangu siku ya posa hakuwahi kuficha kwamba binti yake ameolewa na tumbili. Kwa miaka yote hiyo hakukanyaga studio. Sasa alionekana barabarani asubuhi, amevaa shuka jipya, akiongoza kwa kamba mbuzi jike mweusi mwenye mimba.

"Mwanangu," alimwambia Tluway, na hilo neno lilikuwa geni kinywani mwake, "nimeonyeshwa gazeti. Sikujua. Nilidhani unacheza huko kwenye mawe. Kumbe mtu anafuata mali yake. Huyu ni wa kukufuta machozi."

Tluway alipokea kamba. Cresensia alimtazama kutoka jikoni kwa macho yanayosema *nyamaza*, na kweli alinyamaza hadi chai ilipomiminwa, hadi viazi vilipoliwa, huku mbuzi akiwa nje anatafuna boksi la karatasi za picha. Lakini mzee hakuacha kumwita mwanangu.

"Baba," alisema hatimaye, "hapakuwa na mbuzi."

Mzee Qamara aliweka kikombe chini. "Palikuwa na nini?"

"Mwanga, baba. Nilipanda kutafuta mwanga mzuri. Simu ilisikika vibaya."

"Mwanga si upo hata hapa chini?"

"Upo, baba. Ila ule wa kule juu asubuhi unaangukia jiwe kwa upande."

"Kwa upande."

"Ndiyo, baba."

Mzee alimtazama mbuzi kule nje. Cresensia alijishughulisha na birika lisilohitaji kushughulikiwa. Kisha mzee akachukua kikombe chake.

"Endabash nimeshawaambia ni mbuzi," alisema. "Itabaki kuwa mbuzi. Na huyu siwezi kurudi naye, wataniuliza." Akanywa. Akaongeza, kama mtu anayewaza kwa sauti: "Tena kama unataka wa kwenye mawe hasa, pale shamba langu linapoishia, genge linaposhuka kwenda ziwani, mbuzi mawe wapo. Nawaona kila nikienda kukata kuni. Wanasimama mahali ambapo hata wewe huwezi."

Neno hilo la mwisho lilimwingia Tluway. Mbuzi mawe ni paa mdogo wa majabalini, mwenye rangi ya jiwe lenyewe, anayesimama kwa ncha za kwato kama aliyevaa viatu vya mchuchumio, na ni mwoga mno. Juma lililofuata mkwe na baba mkwe walikuwa wamelala kifudifudi ukingoni mwa genge la Endabash, ziwa Manyara likimeta chini kabisa. Kamba aliishika mzee Qamara mwenyewe, akisaidiwa na mti wa mgunga, na hakukubali mtu mwingine aiguse.

Tluway alishuka hadi kwenye kijukwaa cha jiwe, akangoja. Kila baada ya muda sauti ya mzee ilishuka kutoka juu kumwuliza kama mwanga umefika. Alijibu bado, baba. Mzee akauliza unatokea upande gani. Akajibu. Mzee akasema basi asogee kushoto, kivuli cha kichwa chake kinaanguka mbele. Ilikuwa kweli. Akasogea, na kimya kikatanda, na mbuzi mawe akatokea kwenye jiwe lililochongoka ng'ambo ya korongo, akasimama juu yake miguu minne pamoja, jua likimpiga ubavuni. Tluway alibonyeza mara mbili. Aliporudi juu alimkuta mzee amejifunga kamba kiunoni mwake pia, kwa fundo la kufungia ndama.

Picha hiyo ilitoka ikiwa na jina lake, limeandikwa sawasawa, na ikafuatwa na nyingine: tai wa Munge, ukungu ukimwagika kwenye ukingo wa kreta, wanawake wa Nainokanoka wakivuka mto. Mwaka wa themanini na nne mojawapo iliingia kwenye kalenda iliyotundikwa hadi kwenye maduka ya mbali ya Digodigo, ingawa ilipangiwa mwezi wa pili, ambao ni mfupi. Studio ilibaki mikononi mwa Cresensia. Alikuwa na kipaji ambacho mumewe hakuwa nacho: alingoja maharusi wachoke kutulia, na bibi harusi alipomgeukia mwenzake kumkaripia, ndipo alipobonyeza. Watu walilalamika, kisha wakarudi kununua nakala.

Mzee Qamara aliomba kupigwa picha mara moja tu maishani. Hakutaka ya ndani. Alisimama ukingoni mwa shamba lake jua likiwa limelala, fimbo mkononi, ameelekeza bega upande alioona yeye unafaa, akamwambia mkwewe apige sasa. Tluway alikuwa bado anatafuta pa kukanyaga. Mzee alimsubiri bila kusogea, akatazama mbali, na uso wake ulikuwa mtulivu kabisa.